Swali la Wiki Kutoka Ivirua

Ivirua, Mangaia
11 Februari

Mwanangu Apii,

Kia orana. Mimi sijambo, mguu tu ndio unanung'unika nikipanda mawe, nami nimeuzoea kama mtu anavyomzoea mume mlalamishi. Wewe je? Kile kikohozi cha Krismasi kimekwisha? Na Tamati, huyo mumeo, bado anafanya kazi za zamu? Mwambie mama mkwe anasalimia.

Nakuandikia kwa simu uliyoniletea, kwa kidole kimoja, basi usinihesabie makosa. Lile duka la Rarotonga lililokuwa likichukua mikufu yangu limefungwa. Mwenyewe kazeeka, kawafuata wanawe Auckland. Hakuwa mtu mbaya. Lakini mimi huku nina kopo la biskuti limejaa mikufu ya magamba ya pupu, konokono wetu wa mwituni, na kila Jumapili navaa mwingine kanisani, hata mchungaji ameniuliza kama kuna jambo nataka kutangaza.

Mama Tangi wa hapa jirani anasema siku hizi watu wanauza kwa simu. Nikamwuliza, simu inamjuaje anayetaka mkufu? Akasema, "Hiyo mwulize mwanao, si ndiyo kazi yake?" Kweli, kazi yako ni kuwafanya watu watamani vigae vya jikoni. Nifundishe basi. Anza mwanzo kabisa, usinirushe hatua.

Mama yako


Logan, Queensland
13 Februari

Mama mpendwa,

Kia orana kutoka kwenye joto. Kikohozi kimepona, Tamati ni mzima, bado yuko zamu ya alfajiri. Pole kwa mguu. Umepaka mafuta niliyotuma au umempa Mama Tangi?

Barua yako nimeisoma ofisini nikacheka peke yangu, wenzangu wakadhani nimechanganyikiwa. Mama, tangu nimezaliwa hujawahi kuniuliza jinsi ya kufanya jambo lolote. Nimefurahi sana, na leo mchana sikugusa vigae, nimekuandalia mpango kamili.

Nimekufungulia kurasa tatu mtandaoni. Kila asubuhi piga picha ya kazi. Jumanne na Alhamisi tengeneza filamu fupi, moja ya kuchemsha pupu na moja ya kutunga. Jioni wajibu walioandika. Mwisho wa wiki tunatoa punguzo. Nimekuchorea jedwali la miezi mitatu, kila siku na rangi yake, Tamati ataliprinti na nitalituma kwa posta. Libandike karibu na friji.

Usiogope. Ni mazoea tu.

Binti yako, Apii


Ivirua
9 Machi

Apii wangu,

Kia orana. Natumaini nyote wazima. Huku tunapumua, na mvua ni nzuri, pupu wametoka kwenye majani kama wameitwa.

Jedwali limefika, nimelibandika, lina rangi za kupendeza. Nimelifuata wiki nzima na sikutunga hata mkufu mmoja. Nilipokuwa napiga picha ya sufuria, sufuria ilichemka ikamwagika, magadi yakazima moto. Siku ya pili nilisimama mwituni mvua ikininyeshea, mkono mmoja umeshika ndoo, mwingine simu, na pupu hawaokotwi kwa meno. Nikampa Mama Tangi simu anipigie yeye. Akapiga picha ya kidole gumba chake. Hicho kidole, Apii, ndicho watu walichokipenda kuliko vyote. Sasa anatembea kijijini kama mke wa waziri.

Kwa hiyo nakurudishia jedwali lako kwa heshima. Mimi ni mmoja, na ninyi mliolitunga mlidhani niko kumi.

Lakini kuna jambo nataka kukuuliza. Mtu mmoja wa Perth ameandika chini ya picha: kwa nini mikufu ni ya njano, mmeipaka rangi? Nikakaa na hilo swali. Hapa hakuna aliyewahi kuniuliza, mtoto mdogo anajua kwamba konokono huyu ana ngozi nyeusi juu, ukimchemsha kwa magadi makali ngozi inatoka, unjano uko chini tangu siku aliyoumbwa. Nikamjibu hivyo. Akaniuliza tena, na mwingine akaingia, wakawa watano. Nilikaa nao mpaka chai ikapoa. Hao nao ni soko, au ni watu wasio na kazi?

Mama


Logan
10 Machi

Mama,

Kia orana, na nisamehe kwa jedwali. Tamati anasema alinionya. Hakunionya.

Hao ndio soko, mama. Umepata kwa kidole cha Mama Tangi kile ambacho mimi sikukipata kwa rangi saba. Chana jedwali, tufanye hivi.

Kila wiki swali moja tu, lililoulizwa na mtu kweli. Ulichague Jumatatu. Halafu fanya kazi zako kama kawaida, na ukifika mahali ambapo jibu linaonekana, sufuriani au kwenye sindano, piga picha moja hapo, basi. Jumatano ukae barazani uniambie jibu kwa sauti kwenye simu, kama unavyomwambia jirani aliyepita. Mimi nitaliandika vizuri bila kuligeuza. Ijumaa linakwenda kama barua kwa watu walioacha anwani zao, na kipande chake kidogo nitakipandisha kwenye ukurasa, mmoja, zile mbili nimezifunga. Chini ya barua tunaonyesha mkufu uliomalizika wiki hiyo. Watakaojibu, majibu yao ndiyo yatakupa swali la Jumatatu. Mzunguko unajilisha wenyewe.

Huhitaji kuwa kumi. Huhitaji hata kutabasamu kwenye picha.

Apii wako


Ivirua
6 Mei

Mwanangu,

Kia orana wewe na Tamati. Mguu wangu umepata nafuu, au umechoka kunung'unika. Umenenepa kidogo? Kwenye ile picha uso wako umejaa, nimependa.

Kopo la biskuti liko tupu. Mama Tangi sasa anatoboa pupu kwangu kila asubuhi, tunagawana. Tukikosea bei hakuna mwenye duka wa kumlaumu, tunalaumiana wenyewe, ni raha.

Nataka nikuambie kilichonishangaza. Nilidhani mimi ndiye wa kuulizwa. Sasa nami nawauliza. Yule wa Perth ni mwalimu, huvaa mkufu wangu akienda kufundisha hesabu, anasema wanafunzi wakichoka hufumba jicho moja na kukadiria wametungwa pupu wangapi. Nikamwuliza, na nani hupata? Kuna mwanamke wa Dunedin anaoka mikate kabla ya alfajiri, huuvua mkufu wake na kuuning'iniza kwenye msumari uwe unamtazama. Nikamwuliza unga wa huko unachachuka vipi kwenye baridi. Barua yake ilikuwa ndefu kuliko yangu.

Na kuna Glenys wa Hobart. Huyo hakosi wiki. Aliuliza sindano ni ya namba gani, akauliza shimo linatobolewa upande wa mdomo au wa mgongo, akauliza kwa nini mvua ikikoma pupu hujificha na hujificha wapi. Mume wake mgonjwa, yuko hospitali, na kila Ijumaa humsomea barua yetu. Alinunua mkufu wa nyuzi tatu mwezi uliopita.

Wewe mwenyewe huniulizi kitu siku hizi isipokuwa kama sauti imefika. Nasema tu.

Miezi ya ukame inakuja. Tutaona.

Mama


Logan
17 Juni

Mama,

Kia orana. Hujambo? Ijumaa mbili zimepita sijapata sauti yako. Watu wanaandika kuuliza. Nitumie chochote, hata dakika moja.

Apii


Ivirua
18 Juni

Apii,

Kia orana. Sijambo. Mvua hakuna, mwitu umekauka, pupu wamelala. Sina mkufu na sina swali. Wangoje, kama sisi tunavyongoja.

Mbona barua fupi hivyo? Uko salama?

Mama


Logan
18 Juni

Mama, watu wa mtandaoni hawangoji. Ukinyamaza wiki tatu wanakusahau, tutaanza upya na kidole cha Mama Tangi. Nitaona la kufanya. Niko salama, nimechoka tu.

Apii


Logan
8 Julai

Mama mpendwa,

Kia orana. Usiwe na wasiwasi tena juu ya Ijumaa, nimeijaza mwenyewe. Niliandika kidogo kuhusu mkufu wa nyuzi tatu, imependwa kuliko barua zote tulizowahi kutuma, watu wameipeleka kwa marafiki zao. Pumzika mpaka mvua irudi.

Huku baridi. Tamati anapika, mimi nalala mapema.

Apii


Logan
15 Agosti

Mama,

Kia orana. Umenikasirikia? Nimepiga simu, inaita tu. Niambie hata neno moja.

Apii


Logan
16 Septemba

Mama,

Nimempata Mama Tangi kwa simu. Anasema u mzima, na kwamba una mgeni nyumbani. Nilipomwuliza mgeni gani akasema, "Mama yako atakuambia akipenda," akakata. Mama, mgeni gani?

Apii


Ivirua
3 Oktoba

Mwanangu Apii,

Kia orana. Mimi sijambo na Mama Tangi hajambo. Nawe nakuuliza hali, na safari hii usinijibu kwamba umechoka tu.

Nianze na ukimya wangu. Sikukasirika kwa sababu ya Ijumaa. Nilikuuliza kama uko salama, ukanijibu habari za wateja. Nikasema moyoni, basi, kama mwanangu anataka habari za wateja na mimi sina, ninyamaze. Nilinuna, kwa ufupi. Sasa nakuambia yaliyotokea.

Alhamisi moja ndege ikashusha mwanamke wa kizungu, mrefu, nywele nyeupe, koti la baridi kali kalikunja mkononi. Kijana wa mizigo akamleta mpaka barazani. Nilidhani amepotea njia ya nyumba za wageni. Akasimama hapo akanitazama, akasema, "Ngapoko? Mimi ni Glenys."

Ungeniona. Nilimkumbatia kama ndugu. Nikamkalisha, nikampa taro na rukau, majani yake kwa tui la nazi, na samaki aliyebaki, akala vizuri, akauliza nazi hukunwa kwa kifaa gani. Shingoni alivaa mkufu wangu wa nyuzi tatu. Mama Tangi yuko pembeni anatoboa makombo ya pupu wa mwaka jana, anajifanya hasikilizi.

Alipomaliza kula akaniambia mume wake alifariki mwezi wa saba. Nikampa pole. Kisha akasema, "Nimekuja kwa sababu nataka uniambie kwa mdomo wako ile habari ya nyuzi tatu."

"Nyuzi tatu zipi?"

"Ulizotuandikia."

Akatoa karatasi kwenye mkoba akanisomea. Kwamba bibi mmoja wa Mangaia aliniambia, uzi wa kwanza ni waliotutangulia, wa pili ni sisi tulio hai, wa tatu ni wale ambao bado hatujawaona nyuso, na fundo la kisogoni ndipo wote wanaposhikana, hakuna anayedondoka. Akasema alimsomea mume wake siku tatu kabla hajafa, naye akaomba asomewe tena. Akasema aliisoma makaburini mbele ya watu wote.

Mama Tangi akaweka sindano chini. "Na mimi nilikuwa wapi," akasema kwa lugha yetu, "siku uliyoambiwa hayo?"

Apii, ningeweza kuitikia kwa kichwa. Mama Tangi mwenyewe alinikonyeza, kama anayesema mpe mtu faraja yake, wewe itakupunguzia nini? Lakini huyu mwanamke alishaniuliza sindano namba ngapi nikamwambia ya kweli. Aliniuliza shimo upande gani nikamwambia ya kweli. Ndiyo sababu alipanda ndege.

Nikamwambia, "Dada yangu, hayo sikuyasema mimi, wala hakuna bibi aliyeniambia. Nyuzi ni tatu kwa sababu mmoja hukatika, mbili hujisokota. Tatu hutulia shingoni."

Alishika mkufu, nikadhani atauvua. Halafu akauliza, "Basi nani aliandika?"

"Binti yangu. Yuko Logan."

Akafikiri. Akauliza, "Amefiwa na nani?"

Nikasema hajafiwa na mtu. Halafu nikasema sijui. Mgeni kutoka Hobart ameniuliza jambo kuhusu mwanangu nikakosa jibu, mimi ninayejibu watu kila Ijumaa.

Alikaa kwetu mpaka ndege ya wiki iliyofuata. Tulimfundisha kutoboa. Alivunja pupu wengi, Mama Tangi akawa anahesabu kwa sauti, wakawa marafiki kwa njia hiyo. Siku ya kuondoka nilimwomba msamaha tena kwa ile barua. Akasema, "Siku ile ilinibeba, Ngapoko. Siwezi kujifanya haikunibeba. Lakini nashukuru umeniambia." Uzi wake mmoja ulikuwa umelika, nikamtungia upya bure, akaondoka nao shingoni.

Sasa sikiliza. Swali la Ijumaa ijayo ni hili: nyuzi tatu zina maana gani? Jibu nimekutumia kwa sauti. Usiongeze neno. Na kuanzia sasa haitoki barua yenye jina langu kabla hujanipigia ukanisomea yote, mimi nikasema peleka. Hiyo iongeze kwenye mpango wako, baina ya Jumatano na Ijumaa.

Hilo ni la kazi. La kwetu wawili ni swali la Glenys. Nakuuliza mimi.

Mama yako


Logan
11 Oktoba

Mama yangu,

Kia orana. Jana nilikusomea, ukasema peleka, nimepeleka. Nilitaka kuongea zaidi pale kwenye simu nikashindwa, wewe ukajua, ukasema, "Andika."

Kwanza niseme la kazi kwa kuwa ni rahisi. Barua imekwenda na jibu lako kama ulivyolitamka, na chini yake nimeandika kwa jina langu kwamba yale ya Julai nilitunga mimi, mama yangu hakujua, na naomba radhi. Baadhi wamejitoa. Mmoja ameniita mwongo, na sikuona cha kumbishia. Wa Dunedin ameandika kwamba "tatu hutulia shingoni" amelibandika juu ya tanuri. Mwalimu wa Perth anauliza kama nyuzi nne zingefanyaje, maana wanafunzi wake wamekataa kukubali bila kujaribu. Hilo nadhani ni swali la Jumatatu. Na Glenys nimemwandikia peke yake. Hajajibu, na simdai jibu.

Sasa la kwetu.

Uliniuliza mwezi wa tano kama nimenenepa. Nilikuwa na mimba, mama. Tulitaka ipite ile miezi ya mwanzo ndipo tukuambie, Tamati alikuwa ameshachagua maneno. Mwezi wa sita, wiki ile niliyokuandikia barua fupi, ilitoka. Nilikuwa kazini. Mwenzangu mmoja alinipeleka hospitali kwa gari lake, walinitunza vizuri, walinirudisha nyumbani, na baada ya hapo sikujua mtu anafanya nini na siku zilizobaki za wiki.

Kila nilipofungua simu nikuambie, vidole viliandika habari za Ijumaa. Sauti yako ilikuwa haiji, na mimi nilikuwa naingoja si kwa ajili ya wateja. Nilikuwa naisikiliza mara nyingi kabla ya kuiandika, ulivyokuwa unaeleza mambo ya sindano na sufuria. Ilipokosekana nikakaa mezani nikaandika kile nilichotamani mtu aniambie. Nikakiweka mdomoni mwako kwa kuwa sikuwa na mdomo mwingine wa kukiweka. Sikufikiria kwamba kuna mtu atakisoma makaburini.

Tamati hajui kama nimekuandikia. Nitamwambia leo akirudi.

Nisamehe.

Apii wako


Ivirua
14 Oktoba

Apii, mtoto wangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, mara ya tatu nikampa Mama Tangi anisomee kwa kuwa macho yalikataa. Hatamwambia mtu. Amefunga mdomo tangu jana na mimi nimeanza kumwogopa.

Hakuna cha kukusamehe kwangu. Yale ya barua tulishayamaliza kwenye simu.

Nafika Brisbane Jumanne, napitia Auckland. Mchungaji amenisaidia kupata tiketi na mpwa wake atanipokea pale uwanjani nisipotee. Mbuzi atalishwa. Pupu hawajatoka bado, na hata wakitoka Mama Tangi anajua kuwaokota. Wiki hii na ijayo waandikie wateja kwamba Ngapoko yuko kwa mwanawe. Hilo ni kweli, huna haja ya kunisomea.

Usipike. Usifagie. Nakuletea taro iliyopikwa na rukau, kama watanikubalia mpakani, na wasiponikubalia tutakula mikate yenu.

Ilikuwa miezi mingapi? Mlishaanza kumwita jina? Nani alikushika mkono pale hospitali, na uliporudi nyumbani ulilala upande gani wa kitanda? Usinijibu kwa simu. Nataka kuyasikia nimekaa karibu nawe, na nitakaa mpaka uyamalize.

Mama